Weusi wa mitungi ya Wagiriki si wa rangi

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mitungi ya Wagiriki wa kale ilipakwa rangi nyeusi, na mwingine anayedai Wagiriki hao hawakujifunza sanaa kwa mtu. Mimi nafinyanga vyungu hapa Pemba, kazi niliyorithi kwa bibi yangu, na kauli zile zimenikera kidogo.

Weusi ule ni udongo mtupu. Waliuchuja mpaka ukawa laini kama uji wa mtoto, wakachorea. Kisha tanurini: kwanza moto wenye hewa, chombo chote kinakuwa chekundu, halafu wanaziba tundu na kutia kuni mbichi, kila kitu kinakuwa cheusi, mwisho wanafungua tena. Mwili wa chombo hurudia wekundu wake, lakini michoro hubaki myeusi kwa sababu imeshageuka kioo, hewa haipenyi. Sisi tunaochoma uwanjani kwa makuti twajua moshi unavyomharibia mtu kazi. Wao waliutia adabu!

Mfano ni mtungi wa makaburi ya Dipylon, Athens, wa takribani mwaka 750 K.K., wenye urefu wa mita 1.55. Umejaa nakshi za mistari, na katikati amechorwa maiti wa kike amelazwa, waombolezaji mikono kichwani. Sanamu kubwa za mawe za vijana, za Wagiriki haohao, zilikuja baadaye: mguu wa kushoto mbele, ngumi zimefumbwa, mkao wa Misri kabisa. Kwa hiyo na yule anayedai Wagiriki hawakujifunza kwa mtu, nimeshamjibu.

Mfinyanzi,
Wete, Pemba