Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ukumbi wa Nyegezi na Cheti cha Jengo la Kijani

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, na ndugu wanachama mliofika,

Nasema "mliofika" kwa makusudi. Daftari la mahudhurio lina majina 23, na chama kina wanachama 64. Akidi imetimia kwa sababu katiba yetu inadai theluthi tu. Wale wanaoandika sana kwenye kundi la WhatsApp usiku, leo siwaoni.

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vya kamati 6, semina 2, ziara ya Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, rambirambi kwa familia 3. Zilifanyika zote. Ada ya mwaka ni TSh 60,000; waliolipa ni 27, yaani TSh 1,620,000, na deni la mwaka huu peke yake ni TSh 2,220,000. Mchango wa kuezeka uliahidiwa TSh 12,800,000, umeingia TSh 7,600,000. Mweka Hazina atafafanua.

Sasa nije kwenye dirisha la magharibi, maana najua ndilo lililowaleta wengi wenu.

Mchoro wa kwanza wa ukumbi wetu tunaoujenga Nyegezi, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, ulikuwa na kioo cha mita za mraba 38 upande wa ziwa. Kamati, kwa pendekezo langu, ilikifuta. Tumebakiza matundu ya luva ya mita za mraba 7, na mbele yake baraza lenye kina cha mita 2.4. Nimeitwa mbishi, na nimeambiwa nimeua biashara ya ukumbi, kwamba watu wa harusi na sendofu wanalipia kuona ziwa. Ziwa wataliona wakiwa barazani, kivulini.

Hesabu ni hii. Nyegezi ziwa liko magharibi, kwa hiyo anayetaka kulitazama analitazama na jua la jioni. Inapokaribia saa kumi na moja jioni, jua liko kama nyuzi 30 tu juu ya upeo. Ukitaka kukinga dirisha la kimo cha mita 1.2 kwa pembe hiyo, unahitaji kivuli kinachotokeza zaidi ya mita 2. Upande wa kaskazini ni tofauti kabisa: mwezi Juni, jua likiwa limeegemea huko, adhuhuri bado liko nyuzi 64, na kibaraza cha sentimita 60 kinatosha kwa dirisha hilohilo. Kusini mwezi Desemba zinatosha hata sentimita 50. Ndiyo maana madirisha makubwa tumeyapeleka kaskazini na kusini.

Kuhusu joto lenyewe, chukueni wati 500 tu zinazopenya kwenye kila mita ya mraba ya kioo cha kawaida jioni yenye jua kali. Mara 38 ni kilowati 19, sawa na kuwasha pasi 19 za kilowati moja ukumbini wakati wageni ndio wanaingia. Kuliondoa joto hilo kunataka viyoyozi 4 vya BTU 18,000, na hapo hatujahesabu joto la watu 200 na jiko.

Hoja ya pili iliyoletwa ni kwamba hatutaweka viyoyozi, tutafungua madirisha. EDGE, programu ya kompyuta inayokokotoa kama jengo linastahili cheti cha jengo la kijani tunachokitafuta, yaani jengo linalookoa nishati na maji, haidanganyiki hivyo. Jengo likionekana litakuwa na joto kuliko mtu anavyoweza kuvumilia, inakuhesabia umeme wa kulipoza hata kama hukununua kiyoyozi, kwa sababu inajua mwaka wa pili utakinunua. Na waliosema tumeziba upepo wa ziwa, upepo haupiti kwenye kioo. Unahitaji tundu la kuingilia chini upande wa magharibi na la kutokea juu upande wa mashariki, na vyote viwili vipo. Wavu wa wadudu tumeuhesabia, kwa kuwa unapunguza upepo, na msimu wa wadudu wa ziwani usiposafishwa unaziba kabisa.

Wapo pia waliotaka LEED, cheti kingine cha majengo ya kijani, cha Marekani, kwa sababu jina lake ni kubwa. LEED ina alama 110, cheti cha chini kinaanzia alama 40, na kabla ya alama yoyote kuna masharti ya lazima. EDGE, ya Shirika la Fedha la Kimataifa lililo chini ya Benki ya Dunia, inataka mambo matatu: uokoe asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji na asilimia 20 upande wa vifaa vya ujenzi, ukilinganishwa na jengo la kawaida la aina hiyo mahali hapohapo. Ziada ya moja haifidii upungufu wa lingine. Mchoro wetu ulipata 31, 24 na 27. Mkaguzi aliupitia, na cheti cha awali tunacho. Hicho ni cha mchoro. Cha mwisho hutoka baada ya mkaguzi kufika saiti.

Hapa kwenye maji ndipo tulipokaribia kuanguka. Bomba zilizopendekezwa hutoa lita 6 kwa dakika. Zilizofungwa kwanza zilikuwa za bei rahisi, na aliyezileta alisema bomba ni bomba. Kipimo ni chepesi: chupa ya lita 1 ikijaa chini ya sekunde 10, bomba hilo halifai. Zile zilijaza kwa sekunde 5. Nilisimamia mwenyewe zing'olewe, na gharama hiyo ndiyo mnayoiona kwenye hesabu kama "marekebisho". Jambo la kushika ni risiti, karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, na picha kabla ya kufukia au kupiga plasta. Bomba lililofukiwa bila picha, kwa mkaguzi halipo.

Matofali ya kuchoma tuliyakataa kwa ajili ya kuni, na wenye matanuri humu ndani wamenikasirikia, nawaelewa. Tumetumia ya udongo wa moramu na saruji asilimia 7, ya kushindilia kwa mashine. Tofali likiwa na kilo 10, mfuko wa kilo 50 unatoa matofali 70 hivi. Yaliyopasuka mwanzoni yalitokana na udongo wenye mfinyanzi mwingi. Udongo wa mbuga, ule mweusi wa kunata, usithubutu kuuingiza. Mengine yaliachwa juani siku ya pili. Yanataka kufunikwa na kumwagiliwa siku 7, kisha kuachwa hadi siku 28 ndipo yajengwe.

Bati ni rangi ya maziwa, si maruni, kwa sababu rangi nyeupe hurudisha jua. Paa la mita za mraba 240, kwa mvua ya milimita 1,000 na upotevu wa asilimia 20, linakupa lita 192,000 kwa mwaka; simtanki 2 za lita 10,000 zimeagizwa.

Na wanaolalamika kwamba tumeacha kiwanja kitupu upande wa maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Hilo hata mimi siwezi kulipigia kura.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda na michango ikiingia, kuita mkaguzi, na pengine kufikiria umeme wa jua.

Mweka Hazina ana kitabu cha risiti mlangoni. Hoja ya dirisha imekwisha kujibiwa, naomba isirudishwe kwenye Mengineyo.