Kwa Nini Siku ya Kwanza Tunakukalisha Kitini Kabla ya Baiskeli

"Nilikuja kufanya mazoezi, sikuja kupimwa." Maneno haya nimeambiwa tena Jumamosi iliyopita na mama mmoja wa Lanet. Alilipa shilingi 1,200 za siku ya kwanza kwenye ukumbi wetu wa mazoezi, akakanyaga baiskeli dakika kumi na tano tu, na muda uliobaki alikuwa na mkanda wa presha mkononi. Aliondoka akiona ameibiwa. Wengi wamelalamika hivyo, karibu wote ni watu wenye sukari, na mimi sipendi mteja wangu aende na kinyongo.

Presha ya kliniki ni presha ya mtu aliyetulia. Ukianza mazoezi moyo husukuma damu kwa nguvu, namba ya juu (ya moyo unaposukuma) ikapanda, ya chini (ya moyo unapopumzika) ikabaki palepale au ikashuka kidogo. Ni kawaida. Lakini sukari ya miaka mingi hukakamaza mishipa ya damu. Mishipa ya namna hiyo haitanuki vizuri damu inapoongezeka, kwa hiyo namba ya juu yaweza kuruka mno kwa mtu ambaye akiketi hana tatizo. Mwanamume akipita 210, au mwanamke 190, huhesabiwa kuwa imezidi.

Mwalimu mmoja mstaafu alitujia na kadi ya kliniki imeandikwa 128 kwa 78. "Kijana, kupimwa nimeshapimwa. Nipe baiskeli." Nikamwambia, "Mwalimu, nivumilie kidogo." Dakika ya sita, akiwa bado anapiga hadithi vizuri, nilisikia mdundo wa kwanza kwenye stethoskopu mshale ukiwa 224, ndiyo namba yake ya juu. Nilidhani nimekosea. Nikamwita mwenzangu, naye akasikia 220. Mzee hakuwa na maumivu wala kizunguzungu, na hilo ndilo lililonitisha. Tukampunguzia mwendo polepole, tukamwandikia barua ya kumpelekea daktari wake. Alirudi baada ya wiki tano, dawa zimebadilishwa, na leo havuki 185 kwa mwendo uleule.

Bei yetu inatoka hapo. Mashine ya betri hukosea mkono ukitikisika, kwa hiyo juu ya baiskeli tunapima kwa pampu ya mkono na masikio: mmoja anasikiliza, mwingine anaangalia mwendo na kuandika. Ni watu wawili kwa mteja mmoja. Mikanda tunayo ya saizi tatu, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko iliyopo. Nimeona watu waliotishwa bure kwa sababu hiyo.

Kabla ya hapo unakaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni. Kisha tunakusimamisha na kupima dakika ya kwanza na ya tatu. Hapo ndipo wateja huchoka nasi kabisa! Lakini sukari hugusa pia neva zinazoongoza moyo na mishipa. Wapo ambao wakisimama namba ya juu huporomoka kwa 20 au zaidi, na mapigo yao hayapandi inavyotakiwa hata wakijituma. Mtu kama huyo saa ya mkononi inayohesabu mapigo itamdanganya kwamba hajajituma.

Njia ya mkato inayoniuma zaidi ni kukataa dakika kumi za kupoa. Mfanyabiashara mmoja wa viazi aliruka kutoka kwenye baiskeli akiwahi lori lake. Ukisimama ghafla, damu hubaki miguuni na presha hushuka. Alianguka langoni kwetu, jino la mbele likavunjika. Gharama ya jino ingemlipia mazoezi ya miezi mitatu.

Wengine hukwepa ada yetu wakaenda kupanda Menengai Jumapili alfajiri, wamejidunga insulini na tumbo ni tupu. Kutembea mlimani ni kuzuri, nami hupanda. Ila sukari ikiwa chini ya 5 (mmol/L) kwenye kipimo, kula kwanza. Na ukinyanyua vyuma, usizuie pumzi, presha hupaa mara moja. Mwenye macho yaliyoguswa na sukari aulize daktari kabla ya kushika chuma kizito.

Shilingi 1,200 sitazipunguza. Ni za mara moja. Kuanzia siku ya pili ni 350, na kupima presha kumo ndani. Ukija, tukakupima umeketi tu tukakuta 200 kwa 110, hatukupandishi baiskeli na hatukutozi chochote. Tunakusindikiza kwa daktari.

Mama wa Lanet, namba zako ni zako, sitaziandika hapa. Faili yako iko kwenye kabati la kwanza. Jumanne saa nne baiskeli ya dirishani ni yako, nusu saa nzima. Vaa nguo ya mkono mpana unaokunjika hadi juu ya kiwiko, na uje na dawa zako zote ndani ya pakiti zake.