Jodari wetu nao wajadiliwe Brussels

Mhariri,

Kila Desemba mawaziri wa uvuvi wa Umoja wa Ulaya hukutana Brussels kugawana viwango vya samaki wa Atlantiki na Bahari ya Kaskazini, na mara nyingi hukesha wakibishania tani. Sawa, ni bahari yao. Lakini meli za Hispania na Ufaransa zinavua jodari Bahari ya Hindi kwa vyelezo, yaani vitu vinavyoachwa vielee ili samaki wavikusanyikie, na vinakusanya hata samaki wachanga. Februari 2023 tume ya nchi zinazosimamia uvuvi wa jodari Bahari ya Hindi (IOTC), ikikutana Mombasa, ilipitisha vyelezo hivyo visimamishwe siku 72 kila mwaka. Umoja wa Ulaya ukapinga, eti uamuzi haukuwa na msingi wa kisayansi. Wanahabari wetu walioko Brussels wawaulize mawaziri: wao wanapendekeza siku ngapi?

Msomaji,
Kilifi