Msituchapishie picha ya mtu aliyepanda jiwe la kale

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia. Ila ile habari yenu ya matembezi ya Uingereza, yenye picha ya kijana aliyesimama juu ya jiwe la Nine Ladies, lile duara la mawe ya kale, nimeshindwa kuinyamazia.

Mawe hayo yako kati ya miti ya Stanton Moor, Derbyshire, nami naishi Sheffield, si mbali. Ni mafupi, hayafiki hata mita moja, labda ndiyo maana watu huyafanya viti. Yamekaa pale miaka kama 4,000, na yamo katika orodha ya kwanza kabisa iliyolindwa kwa sheria ya Uingereza ya 1882. Wala si tisa, kama mlivyoandika. La kumi limelala chini.

Juni mwaka jana nilimpeleka mjukuu wangu. Tulikuta majivu katikati ya duara, bado yana moto, makopo ya bia yametupwa nyasini, na jiwe moja limekuwa jeusi upande mzima. Mtoto akaniuliza, "Bibi, nani amepika hapa?" Nilikosa la kumjibu. Jiwe la mchanga likipata moto hubanduka, na udongo ulio chini, ambao wanaakiolojia wangeusoma, huungua usisomeke tena. Nikazoa makopo kwa mikono yangu, mfuko ukajaa, na vijana waliokuwa wakikunja hema kando wakanitazama tu, hakuna aliyeinuka, hakuna aliyesema shikamoo wala pole!

Kwetu Kaloleni, pwani ya Kenya, mtu haokoti hata ukuni kayani, yaani katika msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Lakini nasikia huko nako miti ya kaya inakatwa usiku, misitu hiyohiyo iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2008, na wazee wakisema wanaambiwa wamepitwa na wakati. Hilo nalo liandikeni, Mhariri, tena ukurasa wa mbele.

Kwa Stanton Moor, wanaohusika waweke watu wawili wa zamu kuanzia saa kumi jioni ya tarehe 20 Juni hadi saa nne asubuhi ya tarehe 21, wakati watu wanapokesha kungoja jua lichomoze siku iliyo ndefu kuliko zote za mwaka. Wawe na ndoo mbili za maji. Mwenye kuni au jiko aliache njiani, atalichukua akirudi.

Nanyi chapeni picha nyingine, ya mawe yenyewe, bila mtu juu.

Bibi wa Sheffield