Barua kwa mwalimu mwenzangu wa Kigoma: kwa nini tuliketi na madumu matupu

Tabora

Mwalimu mwenzangu na dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Tabora. Sisi tu wazima, wajukuu wanakwenda shule, na mashamba tumeshayaandaa tukisubiri mvua. Barua yako ilinifikia kwa mkono wa kijana wenu aliyeshuka na treni, nami nimeirudia kuisoma, kwa sababu umeniuliza jambo ambalo haifai kulijibu kwa ujumbe mfupi wa simu.

Umeuliza kama ni kweli kwamba akina mama wa kijiji chetu walikwenda kuketi na madumu matupu mbele ya ofisi ya serikali, na kama ni kweli, imekuwaje walimu wastaafu kama mimi, tuliotumia umri wetu kuwafundisha watoto kuheshimu mamlaka, tukaketi pamoja nao. Ni kweli, dada yangu. Nilikuwepo, na barua iliyosomwa siku ile niliiandika kwa mkono wangu. Niruhusu nikueleze jambo hili tangu mwanzo, kwa kuwa naona habari iliyokufikia huko ilikuja bila kichwa wala miguu.

Kisima chetu kirefu kilichimbwa kwa fedha za mradi, kikafungwa pampu inayoendeshwa kwa umeme wa jua, na maji yakawa yanapanda kwenye tenki lililo juu ya mnara na kushuka kwenye vituo vya kuchotea. Jumuiya ya watumia maji ilikusanya shilingi 50 kwa kila dumu, ikaandika katika rejesta, na fedha zikapelekwa benki. Utaratibu huo ulikwenda vizuri. Koki zilipolegea tulizibadilisha, bomba lilipopasuka tuliliziba, na hakuna aliyekwenda kuomba msaada kwa mambo hayo madogo. Kisha radi ikapiga, kisanduku cha kuongozea pampu kikaungua, na fundi wa kijijini alipokifungua akakuta nyaya zimeyeyuka na kugandana. Gharama ya kifaa kipya na ya kuitoa pampu ardhini ilizidi kwa mbali akiba yetu yote. Matengenezo makubwa ya namna hiyo si mzigo wa jumuiya. Tulielezwa hivyo wenyewe siku tulipokabidhiwa mradi, mbele ya wageni na ngoma.

Tukaandika barua, na ofisi husika ikaipokea na kugonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Tukaandika nyingine, ikagongwa muhuri. Tukamtuma mwenyekiti, akaambiwa suala lake linafanyiwa kazi. Tukaandika tena, muhuri ukagongwa tena. Katibu wa jumuiya alizitunza nakala hizo zote ndani ya faili la plastiki lenye kifungo, moja juu ya nyingine kwa mfuatano wa tarehe, na kila nilipolifungua faili hilo nilipatwa na uchungu, kwa sababu kila ukurasa ulionyesha kwamba mtu fulani alikuwa amesoma shida yetu, akaiwekea wino wa zambarau, akaenda zake.

Wakati huo akina mama walikuwa wamerudi kwenye lambo ambako ng'ombe hunywea. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilisema kwamba mwananchi wa kijijini anapaswa kupata angalau lita 25 za maji safi kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake, na kwamba kituo kimoja kihudumie watu 250. Chukua familia ya watu sita: hizo ni lita 150, yaani madumu saba na nusu ya lita 20 kila siku, na kila dumu lina uzito wa kilo 20. Sasa ondoa kile kituo cha mita 400, mpeleke mama huyo lamboni, umbali ambao jua huchomoza akiwa bado njiani, kisha uniambie ni madumu mangapi ataweza kuyaleta. Wenye uwezo walinunua maji kwa vijana wa baiskeli kwa shilingi 500 kwa dumu. Wasio na uwezo walipunguza: kwanza maji ya kufulia, kisha ya kuogea, na mwisho ya kunawa mikono, na kipindi hicho hicho watoto wakaanza kuharisha. Wasichana wa darasa la sita na la saba walifika shuleni vipindi vya asubuhi vimekwisha, magauni yao yakiwa yameloa mabegani. Unajua wewe, uliyeshika chaki miaka yote hiyo, kwamba mtoto anayekosa kipindi cha hisabati cha asubuhi kila siku hupotea taratibu darasani hadi siku moja hayupo kabisa.

Lililotuuma zaidi, hata hivyo, ni kukosa jibu. Pampu ni mashine na mashine huharibika; hilo hakuna aliyelilaumu. Kama ofisi ingetuandikia kwamba fedha hazipo mwaka huu na zimeombwa katika bajeti ijayo, tungeumia lakini tungejipanga: tungechangishana, tungekodi gari la maji, tungetafuta wafadhili. Mtu mwenye madaraka akinyamaza huwa ameshatoa uamuzi tayari, na uamuzi huo hubebwa kichwani na mwanamke asiyejua hata kwamba umetolewa. Hilo ndilo tulilokwenda kulipinga. Tulidai jibu lenye tarehe na saini, basi.

Kabla ya kwenda tulikutana katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 ni wa kila mkazi aliyefikisha umri wa miaka 18, awe na chama au asiwe nacho. Natamani ungekuwepo. Vijana walitaka tufunge barabara kwa magogo ili magari ya tumbaku yasipite. Baba mmoja akasema tusimamishe michango yote, ya shule na ya ofisi ya kijiji. Wazee wawili wakasihi tuendelee kusubiri, kwa kuwa serikali ina mambo mengi. Ndipo babu mmoja ambaye huzungumza kwa nadra akasimama na kutukumbusha Januari 1958, TANU ilipokutana hapa hapa Tabora kuamua kama ishiriki au isusie uchaguzi wa kura tatu, ule uliomlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wewe ulifundisha historia, unajua yaliyofuata: wengi walitaka kususia, Mwalimu Nyerere akawashawishi washiriki, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake, na uamuzi ule ukabaki na jina la Uamuzi wa Busara. Babu hakusema kwamba hasira ya waliotaka kususia ilikuwa ya bure. Alisema kwamba waliokubali kuingia waliingia wakijua wanataka nini, na kwamba magogo barabarani yangempa mkubwa nafasi ya kuzungumzia magogo badala ya maji. Maneno hayo yaliutuliza mkutano kuliko hotuba yoyote.

Hofu ilikuwepo, sitaki kukuficha. Mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa mwaka 2016 na zuio hilo likaondolewa Januari 2023, lakini vijijini watu wengi walilielewa kuwa ni marufuku ya kukutana kwa jambo lolote, na hofu ya aina hiyo haiondoki siku tangazo linapotolewa. Mama mmoja aliniuliza kama watakamatwa, na swali lake lilinifanya nitafute maandishi yenyewe. Ibara ya 20 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake kwa hiari na kwa amani, na kutoa mawazo hadharani. Ibara ya 8 inasema kwamba ustawi wa wananchi ndio lengo kuu la serikali, na kwamba serikali itawajibika kwa wananchi. Sheria ya Jeshi la Polisi, katika kifungu cha 43, inawataka wanaokusudia kukusanyika au kuandamana wampe taarifa ya maandishi ofisa wa polisi wa eneo hilo saa 48 kabla. Sheria inazungumzia taarifa, ingawa polisi wanaweza kuzuia wakiona amani itavunjika, na watu wetu wengi walikuwa wakiamini kwamba bila kibali huwezi hata kutoka nyumbani. Tukaandika taarifa hiyo, tukataja siku, saa, njia tutakayopita, na kwamba tutabeba madumu matupu na barua.

Siku yenyewe haikuwa na kishindo kama ulivyosimuliwa. Akina mama walitembea kwa mstari kando ya barabara, wakafika, wakaketi kivulini chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi, kila mmoja na dumu lake. Wanaume walisimama nyuma. Tulikubaliana hivyo kwa sababu anayechota maji ndiye mwenye kesi. Askari wawili waliokuja walitusalimu, wakasimama pembeni, na mmoja wao akauliza kisima chetu kina kina gani. Ofisa alipotoka na kuuliza msemaji wetu ni nani, hakuna aliyejitokeza kwa maneno. Katibu wa jumuiya alitandika kanga chini, akalifungua lile faili, akazipanga nakala za barua moja baada ya nyingine, mihuri ikiwa inaonekana, na akina mama wakasogea kando ili apite na kuzisoma. Alizisoma akiwa ameinama. Alipofika kwenye barua ya mwisho hakuwa tena na sauti ile aliyotoka nayo mlangoni.

Alituahidi kwa mdomo kwamba fundi atakuja. Mama mjane mwenye watoto watano, ambaye sijawahi kumsikia akizungumza mkutanoni, akamwomba aiandike ahadi hiyo. Ofisa akasema kuna utaratibu wake. Mama akasema wao wangesubiri huo utaratibu hapo hapo chini ya mwembe, na wakasubiri. Jua lilipoanza kushuka tulipewa karatasi yenye tarehe, jina, saini na muhuri, na safari hii muhuri ulikuwa juu ya jibu. Fundi alikuja, pampu ikatolewa, ikaonekana kwamba na yenyewe iliathirika, na sasa tunasubiri kifaa kilichoagizwa. Maji hayajatoka bado. Hata hivyo kila mwisho wa mwezi ofisi inamwandikia mwenyekiti mambo yamefikia wapi, na barua hizo husomwa kwenye mkutano.

Kuhusu heshima, dada yangu, nimelifikiria sana neno lako. Heshima tuliyowafundisha watoto ni ya kumsikiliza mkubwa na kumjibu kwa adabu, na mkubwa naye hutakiwa kumjibu mdogo anapomwita. Akina mama wale hawakutukana, hawakuvunja hata tawi la ule mwembe. Kabla yao walikuwepo wengine: mwaka 1945 Wapare walikwenda kwa maelfu hadi Same kuipinga mbiru, kodi ya enzi za ukoloni, na baadaye wanawake wa Usangi wakaingia katika mapambano hayo wenyewe. Tuliwafundisha wanafunzi wetu kwamba wale walikuwa mashujaa. Sioni namna ya kuwafundisha hivyo kisha nimwambie jirani yangu aketi nyumbani.

Sasa nije kwenye zahanati yenu, maana naona swali lako lilikuwa linaelekea huko. Unasema wananchi walisomba mawe na mchanga kwa mitumbwi, wakasimamisha boma hadi kwenye linta, serikali ikaahidi kupaua, na leo nyasi zimeota ndani huku wajawazito wakisafirishwa ziwani usiku wakati mawimbi ni makubwa. Jambo hilo ni zito kuliko letu, kwa sababu huko anayecheleweshwa anaweza asirudi. Msianze na maandamano. Anzeni na swali moja la maandishi: fedha za kumalizia boma hilo zimetengwa katika bajeti ya mwaka gani, na ziko wapi? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 30 kukujibu. Chukueni nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na hata mkiwa na haraka kiasi gani, msiikabidhi barua bila kubaki na nakala. Orodha ya waliochangia nguvu zao na fedha zao iandikwe sasa, wakiwa bado wanakumbuka, maana siku ya kuulizwa mmefanya nini ninyi wenyewe mtakuwa na karatasi ya kuonyesha. Mkinyamaziwa, itisheni mkutano mkuu, na akina mama waliowahi kusafirishwa usiku ule wazungumze wao kabla ya mwenyekiti.

Ndani ya bahasha hii nimeweka nakala ya taarifa tuliyowapelekea polisi na ya barua iliyosomwa pale ofisini. Badilisheni yanayohusu kisima muandike ya zahanati. Mengine yanaweza kubaki yalivyo. Muhtasari wa mkutano wenu ukishaandikwa, nitumie kwa kijana yule yule nami nitaupitia usiku huo huo na kukurudishia. Na umwambie mwenyekiti wenu, ambaye unasema anaogopa kuweka saini peke yake, kwamba wa kwetu naye aliogopa, tukaiweka saini yake katikati ya saini zetu.

Nisalimie shemeji na watoto, na majirani wote wa hapo mwambaoni.

Ni mimi, rafiki yako tangu chuo cha ualimu.