Barua ya wazi kwa kaka yangu aliyeumia mbavu

Kaka, shikamoo.

Nimepata habari kwamba uliteleza ukaangukia ukingo wa ngazi, na kwamba mbavu za upande wa kushoto zimeumia kiasi cha kukufanya ushindwe kujigeuza kitandani bila kushikwa. Pole sana. Nimeambiwa pia kuwa ulimtuma mwanao aniulize nilijiuguza vipi mbavu zangu zilipoumia, ingawa namba yangu unayo na sijaibadilisha tangu tulipoacha kusemezana. Nimeamua kukujibu hapa, ambapo wengine wenye maumivu kama yako wanaweza kusoma, kwa kuwa uliyonitendea nayo uliyatenda mbele za watu.

Nianze na lililo la haraka. Mbavu za chini upande huo ulioangukia zinafunika bandama, kama zile za kulia zinavyofunika ini, na wakati mwingine mtu hushughulika na mfupa kumbe kilichoumia zaidi kiko nyuma yake. Kwa hiyo ukisikia maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto ambayo hukuwa nayo, ukipata kizunguzungu, ukianza kuhema kuliko jana, ukishikwa na homa, au ukikohoa makohozi ya kijani au yenye damu, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Nakujua, utasema utaona kesho. Safari hii nakuomba unisikilize japo mimi ni mdogo wako.

Mfupa wenyewe utaunga bila kuusaidia sana, kwa kawaida ndani ya wiki 6 hivi, ingawa maumivu yanaweza kuendelea hata wiki 12. Kinachotakiwa kulindwa ni mapafu. Mwenye ubavu uliovunjika hupumua juu juu kwa kuogopa kuchomwa, sehemu ya chini ya pafu haijai hewa, makohozi yanatuama, na hapo nimonia inapata njia, hasa kwa mtu wa umri wako anayevuta sigara (na sigara zako hatukuanza kuzizungumza leo). Ndiyo maana madaktari waliacha ile tiba ya zamani ya kukaza kifua kwa bendeji, kwa sababu ilipunguza maumivu kwa kumnyima mgonjwa pumzi. Ukiwa macho, kila saa vuta pumzi ndefu polepole mara 10 hivi, na ukitaka kukohoa, kumbatia mto, ugandamize palipoumia, kisha kohoa kwelikweli. Dawa za maumivu uzinywe kwa saa zake kama ulivyoelekezwa, kwa maana anayejinyima dawa ili aonekane jasiri hawezi kuivuta hiyo pumzi ninayoisema.

Usiku lala umeegemea mito, nusu umeketi. Usijaribu kuinuka moja kwa moja kutoka chali. Jiviringishe upande, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Mimi niliyajifunza hayo peke yangu gizani, nikiwa nimeuma shuka, na chafya ndiyo niliyoiogopa kuliko kitu chochote: nikiihisi inakuja nilikuwa nabana pua kwa vidole na kujikunja juu ya mto, na ikitoka hata hivyo, machozi yalinitiririka kabla sijajua kama ninalia.

Na nilikuwa peke yangu kwa sababu unayoijua. Siku ya kuhamisha kabati la mama nilikuwa nimeketi juu ya sanduku karibu na mlango, mkono umebana ubavu, wala sikuwa nimemwomba mtu chochote. Ukasema mbele ya mashemeji na wale vijana kwamba picha imetoka safi, kwamba daktari hakunifunga hata bendeji, na kwamba ninajidekeza. Walicheka. Nikainuka kwa kuwa aliyesema ni kaka yangu mkubwa. Nilishika pembe ya chini, ile ya mguu uliovunjika, na tulipofika kizingitini kitu kikaalika ndani yangu, nikaachia, nikapiga magoti. Wewe uliinama kwanza kukagua kioo cha kabati. Cheko lile nimekwisha kulisahau, lakini hilo la kioo bado ninalo.

Sasa nikueleze kuhusu hiyo picha. Ubavu uliopata ufa bila kuhama mahali pake mara nyingi hauonekani kwenye eksirei, na gegedu, yaani ule mfupa laini unaounganisha mbavu na kidari, haliwezi kutegemewa kuonekana humo, ilhali nalo linaweza kuumia na kuuma vilevile. Daktari akiagiza picha ya kifua, jambo kubwa analotafuta ni kama pafu limetobolewa na hewa au damu imejikusanya pembeni yake. Picha safi ilimaanisha kwamba nilikuwa salama kwa hilo. Haikumpa mtu ruhusa ya kunibebesha kabati. Kuhusu kutofungwa, mkono uliovunjika unaweza kutiwa plasta ukatulizwa, lakini kifua kinapanuka na kushuka mara 12 au zaidi kwa dakika hata mtu akiwa usingizini, kwa hiyo huunga kikiwa kazini.

Wapo wanaosema nina moyo mgumu kwa kutohudhuria harusi ya binti yako. Wajue kwamba wakati huo kila tuta la barabarani nilikuwa nalihesabu kwa ubavu, na kwamba hata kama gari lingeelea hewani, nisingeweza kuketi meza moja na mashuhuda wa siku ile nikawatazama wakinong'onezana. Sikuja, na hadi leo naona nilifanya sawa. Zawadi nilituma. Hukunijibu kama ilifika.

Hata hivyo sijasahau kwamba ni wewe uliyenibeba mgongoni nilipokuwa na homa, ukanipokezana na mama usiku kucha bila kulalamika, na sioni jinsi ya kukuacha ujikunje kitandani kwa ujinga ambao tiba yake ninayo. Usinyanyue kitu kizito, hata ukijisikia nafuu, maana nafuu huja kabla mfupa haujakomaa. Tembea kidogo kila siku, kwa sababu kulala tu nako kunaziba mapafu.

Mwanao ameniambia kwamba picha yako nayo imetoka safi na kwamba umerudishwa nyumbani bila bendeji. Mashemeji na wale vijana watakuja kukujulia hali. Wakikuuliza mbona hukufungwa chochote, nakuomba uwaeleze wewe mwenyewe, kwa sauti ya kusikika, kadiri mbavu zitakavyokuruhusu.

Mdogo wako.