Barua ya malalamiko: Chuma cha kunolea mlichoniuzia ndicho kilichoharibu kisu mlichoniuzia

Chumbageni,
Tanga.
19 Mei 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Vyombo vya Jikoni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KISU CHA KIJAPANI KILICHOPATA MAPENGO KWA KUFUATA MAELEKEZO YENU, NA DHAMANA MLIYOKATAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi wa Februari nilinunua kwenu kisu cha mpishi cha Kijapani, aina ya gyuto, chenye bapa la sentimita 21, kwa shilingi 480,000. Kijana wenu wa mauzo alinishauri kwenye simu nichukue seti kamili, yaani kisu pamoja na chuma cha kunolea, kile kirefu cha mviringo chenye mistari mistari, kwa nyongeza ya shilingi 45,000. Nikalipa zote. Kifurushi kikaja kwa basi, nikakipokea stendi ya Kange, na ndani mlikuwa mmeweka karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili yenye nembo yenu. Leo kisu hicho kina mapengo kuanzia katikati ya makali hadi karibu na ncha. Nilipodai dhamana mkanijibu kwamba dhamana haihusu mapengo yanayosababishwa na chuma cha kunolea. Chuma hicho mmeniuzia ninyi, ndani ya boksi moja na kisu, na karatasi yenu ndiyo inayosema nikitumie kila asubuhi.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu kwenye WhatsApp kila siku najibiwa na mtu mwingine, na kila mmoja anaanza upya kuniuliza kisu gani.

Mimi ni mpishi, nina mgahawa wangu hapa Chumbageni, na kazi yangu kubwa ni samaki. Nguru, changu, jodari na pweza nanunua mwenyewe soko la samaki la Deep Sea asubuhi na mapema. Visu vya kawaida vya sokoni nimevitumia miaka mingi na sivitukani, vimenilisha. Lakini jodari mbichi mkubwa ukimkata kwa kisu cha namna ile nyama inachanika, inatoa maji, na kipande kinakuwa na nyuzi nyuzi pembeni. Niliweka akiba muda mrefu ili ninunue kisu kimoja cha maana. Na wiki zile za mwanzo nilifurahi kweli. Nyama ya jodari ilikuwa inaachana yenyewe, upande uliokatwa unang'aa, na kitunguu cha kachumbari kilitoka chembamba hata nikaanza kukata mwenyewe badala ya kumwachia msaidizi. Kwa hiyo sina neno na waliokitengeneza. Tangazo lenu lilisema kimetoka Sakai, karibu na Osaka, mji ambao kazi ya kisu kimoja hugawanywa kwa desturi: mmoja hufua chuma, mwingine hutia makali, mwingine hufunga mpini. Malalamiko yangu ni juu ya karatasi yenu, chuma chenu cha kunolea, na majibu yenu.

Naanza na karatasi. Ninayo mbele yangu ninapoandika. Inasema: "Noa kwa chuma cha kunolea kila asubuhi kabla ya kazi." Chini kidogo inasema kisu kinafaa "kwa nyama, samaki, mifupa na kazi zote za jikoni." Halafu inasema "hakishiki kutu kamwe," na kwamba kikibadilika rangi kisuguliwe kwa waya wa kusugulia masufuria. Maelekezo yote hayo manne si sahihi kwa kisu hiki, na la kwanza ndilo lililokiua.

Visu vingi vya jikoni vya Ulaya vina ugumu wa kama 56 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell. Chuma chake ni laini kiasi, kwa hiyo makali yakichoka huwa yamelala upande mmoja, na ukipitisha chuma cha kunolea unayasimamisha tena. Hapo chombo hicho kina kazi. Kisu mlichoniuzia kina ugumu wa 62, ninyi wenyewe mliandika hivyo kwenye tangazo mkijisifia. Na makali yake yametiwa kwa pembe ya nyuzi kama 15 kila upande, wakati vya Ulaya mara nyingi huwa karibu na 20. Chuma kigumu kiasi hicho na chembamba kiasi hicho hakilali. Ukikigonga na kukikwaruza na chuma kingine chenye mistari, kinameguka. Hili si siri ya mafundi. Shemeji yangu ni mpishi wa hoteli Unguja, nilipomtumia picha ya seti nzima kitu cha kwanza alichoniuliza ni nani aliyeviweka pamoja. Visu vya namna hii hunolewa kwa jiwe, kinoo cha maji. Basi ninyi mnaoviagiza na kuviuza, mlikosaje kulijua hilo? Na kama mlilijua, kwa nini mliniongezea shilingi 45,000 za kitu kitakachoharibu kitu cha shilingi 480,000?

Nieleze jinsi nilivyoyaona hayo mapengo, maana dada wa huduma kwa wateja aliniambia, "Mama, labda ni mikwaruzo tu." Nilikuwa nakata nyanya, ganda likaanza kuvutika badala ya kukatika. Nikakifuta kisu, nikakisogeza dirishani, makali yakiangalia juu. Makali yaliyo mazima hayaonekani kwenye mwanga, kwa kuwa hayana upana wa kuurudisha. Yangu yalikuwa yanameta kwa vidoa, kimoja hapa, viwili pale, kundi zima karibu na ncha. Nikapitisha ukucha taratibu, ukawa unanasa. Kimoja kati ya hivyo kina ukubwa wa punje ya chumvi, unakiona bila miwani.

Sasa nawauliza, vipande vilivyotoka pale vilienda wapi? Siku ile nilikuwa nimeshakata nguru na vitunguu vya samaki wa nazi, sufuria kubwa ya wateja wa mchana. Sikuweza kujua kama kuna chembe ya chuma mle ndani. Nikamwaga yote. Samaki, nazi, viungo, mkaa, na wateja walioondoka bila kula. Hasara hiyo sijaidai hata senti, lakini nataka muijue, kwa sababu mteja wenu mwingine anaweza asiangalie dirishani, na mtoto wa mtu akameza.

Kuhusu mifupa. Mimi sikuwahi kukata mfupa kwa kisu hiki, kichwa cha samaki napasua kwa shoka dogo na nazi navunja kwa panga kama tunavyofanya siku zote. Lakini anayesoma karatasi yenu atakata. Wajapani wana kisu chao kizito cha kazi ya vichwa vya samaki, kinaitwa deba, chenye mgongo mnene. Gyuto si cha kazi hiyo. Na boksi lenyewe la mtengenezaji linasema hivyo bila hata lugha: ubavuni kuna michoro midogo, mmoja wa mfupa, mmoja wa samaki aliyeganda kwa barafu, mmoja wa mashine ya kuosha vyombo, na yote imekatwa kwa alama ya mkasi. Karatasi yenu mmeibandika juu ya michoro hiyo. Niliibandua kwa maji ya uvuguvugu ndipo nikaiona.

Kuhusu kutu. Kwenye boksi pameandikwa Aogami 2. Hicho ni chuma chenye kaboni kama asilimia 1.1 na kromiamu isiyofika hata asilimia 1. Ili chuma kihesabiwe hakishiki kutu kinahitaji kromiamu ya asilimia 10.5 na zaidi. Kisu hiki kimevikwa chuma kisichoshika kutu pande zote mbili, ndiyo maana bapa linabaki jeupe, lakini kiini chake, ambacho ndicho makali, kiko wazi. Ukitazama vizuri unaona mstari wenye mawimbi pale vyuma viwili vinapokutana. Hapa Tanga tuna chumvi ya bahari hewani, na sasa ni masika, nguo haikauki siku nzima. Makali ya chuma hicho yakiachwa na maji ya ndimu au embe bichi, wekundu unaanza kabla hujamaliza kuandaa meza. Mimi nilikuwa nakifuta kila mara kwa mazoea, kwa hiyo kutu si shida yangu. Lakini mmemwambia mnunuzi hakishiki kutu kamwe, na hilo si kweli.

Tena ile rangi ya kijivu na bluu inayotokea kwenye makali baada ya kukata vitunguu na samaki si kutu. Ni utando unaokilinda chuma, na mpishi anayekijua kisu chake anauacha. Karatasi yenu inamwambia ausugue kwa waya. Akifanya hivyo anakwaruza bapa lote na kuondoa kinga, kisha kutu yenyewe inaingia.

Maelekezo sahihi hayana ugumu wowote na yangetosha kwenye karatasi ileile. Kata juu ya kibao cha mbao au plastiki laini, kamwe si juu ya sahani, kigae au marumaru. Usikokote vilivyokatwa kwa makali, geuza kisu utumie mgongo. Osha kwa mkono mara tu umalizapo, kausha kabla hujakiweka chini, na kama hakitatumika siku kadhaa kipake mafuta mepesi yasiyochacha. Kwa kunoa, kinoo cha namba 1000 (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi) kilichowekewa maji, mgongo wa kisu umeinuliwa kama unene wa kidole cha mwisho, unasugua upande mmoja mpaka ncha ya kidole isikie ukwaru mwembamba upande wa pili, halafu unageuza. Ukitaka makali ya kukatia jodari mbichi, malizia kwa namba 3000 au zaidi. Mapengo kama yangu yanahitaji kuanza na jiwe la kukwangua, namba 400 hivi, na kupunguza chuma mpaka mstari unyooke. Kinoo cha namba 1000 mnacho dukani kwenu, nimekiona kwenye orodha yenu ya bei. Mngeniuzia hicho badala ya chuma cha kunolea, leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Mafundi wa hapa wanaonoa kwa gurudumu la baiskeli nawaheshimu kwa visu vya kawaida, lakini hiki sitawapa. Gurudumu kavu linachemsha makali, na chuma kilichokwisha kupewa ugumu wake kikipata joto kupita kiasi kinaupoteza. Nalisema hili kwa sababu mfanyakazi wenu wa mwisho aliniambia, "Peleka kwa mnoaji yeyote huko Tanga." Ushauri huo ungemaliza kabisa kilichobaki.

Madai yangu ni haya. Mnibadilishie kisu kwa kingine cha aina hiyohiyo, au mnirudishie shilingi 480,000. Shilingi 45,000 za chuma cha kunolea mnirudishie kwa vyovyote vile, nami nitawarejeshea chuma chenu. Kama mnaona kisu kinaweza kuokolewa, niko tayari kukubali kinyooshwe kwa mawe na fundi anayevijua visu hivi, kwa gharama yenu, pamoja na nauli ya basi kwenda na kurudi, lakini nataka jina la fundi na maelezo ya atakachofanya kabla sijakitoa mkononi. Tena muiondoe ile karatasi sokoni na muache kuuza seti hiyo, na wote walioinunua muwapigie simu muwaambie. Namba zao mnazo, kwa sababu yangu mliiandika kwenye risiti. Dai hili la mwisho ni zito kwangu kuliko fedha zangu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Kuniambia kisu kinafaa kwa kazi ya mifupa, hakishiki kutu, na kinolewe kwa kitu ambacho ninyi wenyewe mnakitaja kuwa ndicho kilichokiharibu, naona ni kupotosha. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani (FCC) pamoja na vielelezo vyote.

Naambatanisha nakala ya risiti ya EFD, nakala ya karatasi yenu ya maelekezo, picha za makali zilizopigwa kwa karibu, picha ya ubavu wa boksi kabla na baada ya kubandua karatasi, na mazungumzo ya WhatsApp ambamo mmeandika sababu ya kukataa dhamana. Kisu chenyewe ninacho, nimekifunga kwa kitambaa kikavu, na hakitaguswa na jiwe wala chuma mpaka nisikie kutoka kwenu.

Wenu mteja,

Mpishi na mwenye mgahawa,
Chumbageni, Tanga.